Namna ya Kutumia Uigaji wa Elementi Finaiti Katika Utafiti wa Vifaa vya Nano: Mfano wa Kantileva ya Silikoni

Mtafiti wa vifaa vya nano hulazimika kufanya maamuzi mengi kabla hajagusa kisahani cha silikoni. Kazi ndani ya chumba safi, yaani maabara isiyo na vumbi, ni ghali na huchukua muda mrefu, na kipimo kilichokosewa kwenye mchoro hakirekebishiki tena asidi ikishakula tabaka lake. Uigaji wa kompyuta kwa mbinu ya elementi finaiti humwezesha mtafiti kukataa michoro mibaya mapema, ilimradi ajue kutofautisha jibu la kweli na tarakimu zilizotokana na modeli yenye kasoro.

Mwongozo huu unakifuata kifaa kimoja tu, kuanzia swali hadi ripoti. Kifaa chenyewe ni kantileva, yaani kijiti chembamba cha silikoni kilichoshikiliwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, ambacho hutetemeshwa ili kipime tungamo la chembe ndogo inayotua juu yake. Chembe ikitua, frikwensi ya mtetemo hushuka, na kiasi cha kushuka huko ndicho kinachotafsiriwa kuwa tungamo. Nimekichagua kwa sababu kina fomula inayokokotoleka kwa kalamu. Mwanafunzi anayeanza uigaji kwa kifaa kisicho na jibu la kulinganisha hujifunza kuendesha programu tu, lakini hajifunzi kulitambua jibu baya anapoliona.

Mbinu ya elementi finaiti huligawa umbo katika vipande vidogo viitwavyo elementi, ikaandika milinganyo ya kila kipande, kisha ikaitatua yote kwa pamoja. Ilikua ndani ya uhandisi wa ndege: makala ya Turner, Clough, Martin na Topp ya mwaka 1956 ilihusu ugumu wa miundo ya ndege, na Clough ndiye aliyelitumia jina hili mwaka 1960. Asili hiyo bado inatuhusu, kwa kuwa mbinu hulichukulia umbo kuwa kitu kimoja kisicho na atomi ndani yake. Seli moja ya kioo cha silikoni ina upana wa nanomita 0.543, hivyo unene wa nanomita 200 una seli zaidi ya 360 zilizopangana, na dhana hiyo inakubalika bila wasiwasi. Kwa grafini au nanotyubu ya kaboni yenye ukuta mmoja, ambazo unene wake ni wa atomi moja tu, hali ni tofauti, na huko ni afadhali kuanza na mbinu zinazohesabu atomi zenyewe.

Hesabu ya kalamu kwanza

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika swali kwa sentensi moja inayoweza kujibiwa kwa namba. Swali letu ni hili: kantileva ya urefu wa maikromita 10, upana wa maikromita 1 na unene wa nanomita 200 itabadilisha frikwensi kwa hezi ngapi ikibeba femtogramu moja kwenye ncha yake? Femtogramu moja ni sawa na chembe ya dhahabu yenye kipenyo cha takriban nanomita 46, kwa hiyo swali si la kinadharia tu.

Fomula ya frikwensi ya kwanza ya kantileva yenye umbo la mstatili ni f = 0.1615 × (t/L²) × √(E/ρ), ambapo t ni unene, L ni urefu, E ni moduli ya Young, yaani kipimo cha ugumu wa silikoni, na ρ ni densiti. Tukitumia gigapaskali 169 na kilogramu 2,330 kwa mita ya ujazo, tunapata takriban megahezi 2.75. Tungamo la kijiti kizima ni pikogramu 4.66, na robo yake, yaani pikogramu 1.17, ndilo tungamo linalohesabika kama limewekwa nchani kwa modi, yaani namna, ya kwanza ya mtetemo. Badiliko la frikwensi ni nusu ya frikwensi yenyewe mara uwiano wa tungamo lililoongezwa kwa tungamo hilo la nchani, na jibu lake ni kama hezi 1,180 kwa kila femtogramu.

Zibandike namba hizo mbili, megahezi 2.75 na hezi 1,180, mbele yako. Modeli ikileta megahezi 27 au 0.3, hitilafu imo ndani ya modeli, na hakuna sababu ya kuendelea mpaka ipatikane.

Silikoni haina ugumu mmoja

Kosa linalojitokeza sana katika kazi za wanaoanza ni kuchukua moduli ya Young ya silikoni kutoka kwenye jedwali kana kwamba ni namba moja. Silikoni ni kioo, na ugumu wake hutegemea mwelekeo ndani ya kioo, ambao huandikwa kwa namba tatu ndani ya mabano: ni takriban gigapaskali 130 katika mwelekeo wa <100>, 169 katika <110> na 188 katika <111>. Kwenye visahani vya (100), yaani vilivyokatwa ili uso wake uwe bapa la (100) la kioo, ambavyo ndivyo vinavyotumika zaidi, kijiti kilichochorwa sambamba na ukingo bapa wa kisahani huwa katika mwelekeo wa <110>, ndiyo maana tulitumia 169 hapo juu.

Ndani ya modeli ya vipimo vitatu ni vizuri zaidi kuingiza konstanti tatu za unyumbufu za kioo, ambazo ni gigapaskali 166, 64 na 80 kwa kukadiria, kisha kuzungusha mihimili ya kioo kwa nyuzi 45 ili kijiti kilale kwenye <110>. Mzunguko huo husahaulika kwa urahisi sana. Dalili yake inajulikana: frikwensi hushuka kutoka megahezi 2.75 hadi 2.41, tofauti ya karibu asilimia 12, ambayo ni ndogo kiasi cha kudhaniwa kuwa ni kawaida na ni kubwa kiasi cha kuharibu hitimisho lote. Ukikutana na 2.41, angalia mihimili kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Programu na vizio

Si lazima kumiliki leseni ya gharama kubwa. COMSOL na ANSYS zina starehe zake, hasa fizikia zaidi ya moja inapounganishwa, lakini kazi ya mwongozo huu yote inawezekana kwa programu huria: Gmsh kwa umbo na wavu (mgawanyo wa umbo katika elementi), CalculiX au Elmer kwa utatuzi, na ParaView kwa kutazama majibu. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha. Kwa mwanafunzi ambaye chuo chake hakina chumba safi wala leseni, huu ni mlango halisi wa kuingilia utafiti, na ningependa uchukuliwe kwa uzito huo.

CalculiX haijui vizio. Hupokea namba na kurudisha namba. Ukiandika vipimo vyote kwa mita, unene wako utakuwa 0.0000002, na zana nyingi za kuchora maumbo huanza kuona nukta mbili zilizokaribiana hivyo kuwa ni nukta moja. Tumia mfumo wa maikromita, kilogramu na sekunde. Katika mfumo huo nguvu hupimwa kwa maikronyutoni na shinikizo kwa megapaskali, hivyo gigapaskali 169 huandikwa 169,000, na densiti ya silikoni huandikwa 2.33 × 10⁻¹⁵. Frikwensi itatoka kwa hezi bila kubadilishwa. Uandike mfumo huu katika mstari wa kwanza wa faili, maana atakayeifungua miezi sita baadaye, hata akiwa ni wewe mwenyewe, hatakumbuka.

Umbo lichorwe kama litakavyotoka kiwandani

Fomula ya kalamu hudhani kwamba kijiti kimeshikwa kwenye ukuta usiosogea. Kifaa halisi hakina ukuta wa namna hiyo. Kantileva kama hii hutengenezwa kwa kawaida kwenye kisahani chenye tabaka jembamba la silikoni juu ya oksidi, na kijiti huachiwa huru kwa kuyeyusha oksidi iliyo chini yake kwa asidi ya hidrofloriki. Asidi hiyo hula oksidi pande zote kwa kasi moja. Ili kijiti cha upana wa maikromita 1 kiachie, asidi lazima iingie angalau nusu maikromita kutoka kila upande, na kwa muda uleule inaingia nusu maikromita chini ya mshikio, yaani sehemu inayokishikilia kijiti. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya mshikio inaning'inia, na kijiti kinatetemeka kana kwamba ni kirefu kuliko kilivyochorwa. Kama urefu ungeongezeka kwa nusu maikromita nzima, frikwensi ingeshuka kwa asilimia 9. Kwa kuwa kibao kinachoning'inia ni kipana, upungufu halisi huwa mdogo kuliko huo, na kiasi chake ndicho fomula isichoweza kukuambia.

Hapa ndipo uigaji unapolipa gharama yake. Chora kijiti pamoja na kibao cha silikoni nyuma yake, oksidi iliyorudi nyuma kwa nusu maikromita, na kipande cha kutosha cha silikoni ya chini. Sharti la kutosogea liwekwe kwenye nyuso za nje za kipande hicho cha chini, mbali na kijiti, wala si kwenye shina la kijiti. Kisha panua kipande hicho mara mbili na utatue tena. Frikwensi ikibaki vilevile, mpaka wako uko mbali vya kutosha.

Nashauri kutengeneza modeli mbili: ya kwanza yenye shina lililobanwa kabisa, kwa ajili ya kulinganisha na fomula, na ya pili yenye mshikio halisi. Ya kwanza isipokubaliana na hesabu ya kalamu, usiiamini ya pili.

Wavu

Kwa kijiti chembamba kinachopinda, aina ya elementi ina uzito kuliko idadi yake. Elementi za daraja la kwanza, hasa piramidi za nyuso nne (tetrahedroni), haziwezi kujipinda vizuri. Huonyesha ugumu ambao haupo, na frikwensi hutoka juu kuliko ilivyo. Tumia elementi za daraja la pili, ambazo zina nodi, yaani nukta za hesabu, katikati ya kingo zake pia. Katika CalculiX, tofali la nodi 20 linafaa sana kwa kazi hii. Matofali yenye upande wa nanomita 100 yatakupa safu mbili katika unene, kumi katika upana na mia moja katika urefu, yaani elementi 2,000 kwa kijiti kizima, ambazo mpakato huzitatua bila kuchelewa. Mtu akiamua kutumia matofali ya nanomita 20 kila mahali atakuwa na elementi 250,000, na kwa frikwensi ya kwanza hatapata faida inayolingana na muda wake. Elementi ndogo ziwekwe kwenye shina, ambako mkazo hujikusanya.

Thibitisha wavu kwa kuutatua katika ngazi tatu za ukubwa, kila mara ukipunguza upande wa elementi kwa nusu. Frikwensi inapaswa kushuka taratibu na kutulia, kwa sababu mbinu hii, ikitumia tungamo lililosambazwa ipasavyo, huikaribia frikwensi ya kweli kutoka juu. Ikipanda badala ya kushuka, kuna jambo lisilo sawa katika umbo au katika mpangilio wa elementi.

Modi zitazamwe kwa macho

Orodha ya frikwensi peke yake hupotosha. Fomula inasema modi ya pili ya kupinda juu na chini iko mara 6.27 ya ile ya kwanza, yaani karibu megahezi 17.2, na mtu anayesoma orodha bila kutazama mchoro atashangaa kuona namba ya pili ikiwa karibu 13.7. Hiyo si hitilafu. Ni modi ya kupinda kushoto na kulia: katika mwelekeo huo upana wa maikromita 1 ndio unaofanya kazi ya unene, na kwa kuwa upana ni mara tano ya unene, frikwensi nayo ni karibu mara tano. Modi ya kujisokota iko juu zaidi, katika makumi ya megahezi. Fungua kila modi katika ParaView, ikuze mpaka mwendo uonekane, na uipe jina kabla ya kuiingiza katika jedwali lolote.

Kuweka femtogramu moja

Sasa turudi kwenye swali. Hezi 1,180 ni asilimia 0.043 tu ya megahezi 2.75. Mtafiti akichora kijiti bila chembe, akatatua, kisha akachora kingine chenye chembe na wavu mpya, tofauti ya nyavu mbili peke yake inaweza kuzidi badiliko analolitafuta, na atachapisha kelele ya wavu akidhani ni fizikia. Wavu lazima ubaki uleule katika hesabu zote mbili.

Njia rahisi ni kubadilisha densiti ya elementi moja. Tofali la nanomita 100 kila upande, lililo ncha ya kijiti, lina ujazo wa mita za ujazo 10⁻²¹. Ukipandisha densiti yake kutoka 2,330 hadi 3,330, umeongeza femtogramu moja kamili bila kugusa nodi hata moja. Jibu litakuwa pungufu kidogo ya hezi 1,180, kwa kuwa kitovu cha tofali kiko nanomita 50 nyuma ya ncha. Rudia zoezi hilo kwa tofali lililo katikati ya urefu, na utaona femtogramu ileile ikileta hezi 140 hivi tu, maana katikati ya kijiti hutembea kwa theluthi moja tu ya mwendo wa ncha, na athari hufuata mraba wa mwendo. Hivyo kifaa hakipimi tungamo peke yake. Hupima tungamo na mahali lilipotua kwa pamoja. Anayetaka kuvitenganisha atahitaji kufuatilia modi mbili au zaidi kwa wakati mmoja, au kuifanya ncha pekee iwe na uwezo wa kunasa chembe.

Unasaji huo mara nyingi hufanywa kwa dhahabu, kwa sababu molekuli zenye salfa hujishika juu yake. Tabaka la dhahabu la nanomita 20 juu ya kijiti kizima linaonekana dogo, lakini dhahabu ina densiti ya 19,300, kwa hiyo tungamo la kijiti huongezeka kwa asilimia 83. Ugumu wa kupinda nao huongezeka, ila kwa asilimia 16 tu, na frikwensi huporomoka hadi karibu megahezi 2.19. Dhahabu ya ncha pekee ni chaguo bora, na modeli itakuonyesha ni eneo gani linalotosha.

Hewa na joto

Frikwensi ikishapatikana, swali linalofuata ni kama badiliko la hezi 1,180 litaonekana kwenye kipimo. Upana wa kilele cha resonansi ni frikwensi ikigawanywa kwa kigezo cha ubora, Q, ambacho huwa kikubwa mtetemo unapopoteza nishati polepole. Kantileva yenye Q ya 10,000 katika ombwe ina kilele chenye upana wa hezi 275, na badiliko letu linaonekana waziwazi. Q ikishuka hadi 100 ndani ya hewa, kilele kina upana wa hezi 27,500, na badiliko lilelile linamezwa ndani yake, ingawa vifaa vizuri vya kufuatilia awamu vinaweza kulichimbua.

Kuigiza upotevu wa nishati kwenye hewa kunahitaji tahadhari. Katika shinikizo la kawaida, molekuli ya hewa husafiri wastani wa nanomita 68 hivi kabla ya kugongana na nyingine. Nafasi iliyo chini ya kijiti ikiwa ni ya nanomita 400, uwiano wa namba hizo mbili ni 0.17, na katika kiwango hicho hewa haishikamani tena na uso kama milinganyo ya kawaida ya mtiririko wa vimiminika na gesi inavyodhani. Chagua sharti la mpaka linaloruhusu hewa kuteleza, au tumia fomula za filamu nyembamba zilizokwisha rekebishwa kwa hali hiyo. Nishati inayotorokea kwenye mshikio nayo huhitaji tabaka la kumeza mawimbi pembezoni mwa silikoni ya chini, la sivyo mawimbi yatarudi na kukupa Q isiyokuwepo.

Joto haliepukiki. Frikwensi ya silikoni hushuka kwa sehemu 30 hivi kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na kwa kifaa chetu hizo ni hezi 83, sawa na chembe ya femtogramu 0.07. Kama mkondo wa umeme unapita ndani ya kijiti, igiza pia upashaji joto wake, lakini usitumie upitishaji joto wa silikoni nene, ambao ni wati 148 kwa mita kwa kelvini. Katika tabaka la unene wa nanomita 100 thamani hiyo hupungua kwa karibu nusu au zaidi, kwa kuwa mitetemo inayobeba joto hugonga nyuso kabla haijafika mbali.

Kuripoti na kulinganisha na kipimo

Wavu ukishathibitishwa, kosa lake liko chini ya asilimia 0.1. Unene ukikosewa kwa nanomita 5, frikwensi husogea kwa asilimia 2.5, urefu ukikosewa kwa nanomita 50, husogea kwa asilimia 1. Kuandika megahezi 2.7513 katika ripoti, huku unene wenyewe haujulikani kwa uhakika zaidi ya huo, ni kumpotosha msomaji. Tatua modeli kwa thamani za chini na za juu za kila kipimo, na uripoti masafa ya majibu. Taja aina ya elementi, idadi yake, konstanti za kioo na mwelekeo wake, mahali pa masharti ya mpaka, na toleo la programu. Weka pia faili zenyewe mahali ambapo mwingine anaweza kuziendesha.

Kifaa kikishatengenezwa, usikimbilie kurekebisha moduli ya Young mpaka namba zilingane, kwa sababu moduli ndiyo inayojulikana vizuri kuliko vipimo vyote vya kijiti chako. Pima kwanza modi zaidi ya moja. Uwiano wa modi ya kupinda pembeni kwa ile ya juu na chini hukupa upana kwa unene moja kwa moja, na upana huonekana kwa urahisi kwenye darubini ya elektroni, kwa hiyo unene hupatikana bila kukikata kifaa. Uwiano wa modi ya pili ya juu na chini kwa ya kwanza unapaswa kuwa karibu 6.27, ukitofautiana sana, chunguza kama kuna mabaki ya lithografia (hatua ya kuhamishia mchoro kwenye kisahani) kwenye ncha au kama unene unabadilika kutoka shina hadi ncha. Ukisharekebisha unene, tofauti itakayosalia katika frikwensi ya kwanza ihusishwe na mshikio: sogeza ukingo wa oksidi katika modeli mpaka ilingane, kisha uthibitishe kwa picha ya sehemu iliyokatwa ya kifaa kingine kutoka kisahani kilekile.